Kufuata Maji: Safari ya Siku Saba Kusini mwa China na Mfereji wa Lingqu

Utangulizi

Muhula huu nilipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa anaendelea na masomo katika mji wa Changsha, kusini mwa China. Yeye na wenzake watatu, wote wa kutoka Afrika Mashariki, wana likizo ya juma moja, nao wamechangishana fedha ili wakatazame mito na vilima vya Guilin ambavyo sifa zake zimeenea dunia nzima. Alinitumia ratiba yao akaniandikia hivi: “Mwalimu, ulizoea kutuambia darasani kwamba hakuna safari isiyo na historia. Hebu tuangalizie ratiba hii utuambie tumesahau nini.”

Ratiba yenyewe ilikuwa nzuri. Siku moja mjini Guilin, siku moja kwenye mashua, siku nne Yangshuo, siku moja ya kurudi. Nilimjibu kwamba wamesahau jambo moja tu, nalo ni mfereji wa Lingqu katika wilaya ya Xing'an. Jibu lake lilikuja upesi: “Mwalimu, kweli tutumie siku nzima kutazama mtaro?”

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kuwa jibu limekuwa refu, nimeona niwashirikishe wasomaji wa jarida letu. Ni vyema niseme mapema kwamba mimi mwenyewe sijafika Guilin. Ninayoyaandika nimeyapata vitabuni. Hilo si jambo la kuficha, na msomaji ataona huko mbele kwa nini nimelitaja.

Nchi yenyewe

Eneo tunalolizungumzia limo ndani ya Guangxi, ambayo mwaka 1958 ilifanywa kuwa Mkoa Unaojiendesha wa Wazhuang. Wazhuang ndio jamii kubwa kuliko zote zisizo za Wahan nchini China. Ardhi ya huko ni ya mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Bahari ilipokauka, maji ya mvua yaliyayeyusha mawe hayo kidogo kidogo, sehemu laini zikaliwa na sehemu ngumu zikabaki zimesimama kama meno. Ndiyo maana vilima vya Guilin havipandi taratibu kama milima yetu, bali huchomoza ghafla kutoka katika mashamba ya mpunga. Shirika la UNESCO liliingiza eneo la mawe ya chokaa la kusini mwa China katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007, na Guilin iliongezwa mwaka 2014.

Katikati ya vilima hivyo unapita mto Li. Chanzo chake kiko mlima Mao'er wenye kimo cha mita 2,142, ambao ndio mrefu kuliko yote ya Guangxi. Mto unapita Guilin na Yangshuo, kisha unabadilika jina na kuitwa Gui, unafika Wuzhou na kuungana na mto mkubwa uitwao Xi, yaani Mto wa Magharibi, na mwisho maji yake humwagika baharini karibu na Guangzhou. Ushauri wangu kwa wasafiri wetu ni mmoja tu: wafuate maji. Waanzie juu, washuke nayo mpaka baharini. Wakifanya hivyo, siku saba zitawatosha.

Siku ya kwanza: Xing'an

Sisi tunaoishi Rwanda hatuhitaji maelezo marefu ili kuelewa ajabu ya Xing'an. Katika msitu wa Nyungwe, mvua inayonyesha upande mmoja wa mgongo wa milima huelekea mto Kongo na hatimaye bahari ya Atlantiki, na inayonyesha upande wa pili huelekea mto Nile na hatimaye bahari ya Mediterania. Matone mawili yanayoanguka hatua chache kutoka moja hadi jingine hayakutani tena. Mgongo wa namna hiyo uko Xing'an. Upande mmoja kuna mto Xiang, ambao unakwenda kaskazini, unapita Changsha anakosoma mwanafunzi wetu, unaingia ziwa Dongting na kutoka hapo unajiunga na mto Yangtze. Upande wa pili kuna maji ya mto Li, yanayokwenda kusini. Tofauti na Nyungwe ni kwamba huko watu waliyakutanisha.

Mwaka 221 K.K. Qin Shi Huang alimaliza kuziteka falme jirani akawa Mfalme Mkuu wa kwanza wa China yote. Haukupita muda mrefu akatuma majeshi kusini, katika nchi za watu ambao Wachina waliwaita Yue. Kitabu cha Huainanzi, kilichoandikwa karne ya 2 K.K., kinasema walitumwa askari 500,000. Tarakimu hiyo wanahistoria wengi huitilia shaka, lakini shida ambayo kitabu kinaieleza inaaminika. Watu wa Yue walikimbilia misituni, wakawa wanashambulia usiku, na jemadari aliyeitwa Tu Sui aliuawa. Askari wa Qin walikuwa mbali na kwao, na chakula hakikuwafikia, kwa maana kubeba nafaka mgongoni kupitia milimani ni kazi isiyo na mwisho. Ndipo ofisa mmoja aitwaye Shi Lu akaamriwa achimbe mfereji wa kuunganisha mito miwili. Ulikamilika mwaka 214 K.K., na mwaka huohuo nchi za kusini zikagawanywa kuwa majimbo ya utawala wa Qin.

Mfereji una urefu wa takriban kilometa 36, na kwa macho ya mtu mwenye haraka ni mtaro tu. Lakini tazama ulivyofanya kazi. Katikati ya mto Xiang walijenga ukuta wa mawe wenye ncha kama ulimi wa plau, ukielekezwa juu mto unakotoka. Maji yakifika hapo hugawanyika mara mbili. Kwa desturi husemwa kwamba sehemu saba kati ya kumi hubaki za Xiang na sehemu tatu hupelekwa Li. Nyuma ya ncha hiyo kuna kingo mbili za mawe zilizolala kwa mshazari. Maji yakiwa machache, kingo huyaelekeza yote mferejini. Yakizidi wakati wa mafuriko, hupita juu yake na kurudi katika mkondo wa zamani wa mto, hivyo mfereji haubomoki. Hakuna mtu anayehitaji kukesha akifungua na kufunga. Umbo la kingo zenyewe ndilo linalofanya kazi hiyo.

Tatizo lililobaki lilikuwa mteremko. Mashua haiwezi kupanda mlima. Kwa hiyo ikajengwa milango ya maji. Mwaka 825, wakati wa nasaba ya Tang, ofisa Li Bo aliukarabati mfereji, na mwaka 868 Yu Mengwei aliukarabati tena na kuufikisha kwenye milango 18. Mashua iliingia katika sehemu moja, mlango ukafungwa nyuma yake, maji yakajaa, mashua ikainuka, mlango wa mbele ukafunguliwa ikasogea katika sehemu inayofuata. Ni kama mtu anayepanda ngazi, isipokuwa hapa ngazi ni za maji.

Njia hiyo ilitumika kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Reli ilipofika Guilin mwaka 1938, mashua zilianza kupungua, na leo mfereji unatumika zaidi kumwagilia mashamba. Msafiri atakayesimama pale akumbuke mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, ni kazi ya akili isiyo na mfano. Pili, ilichimbwa ili jeshi lipate chakula cha kuwashinda watu waliokuwa wakiilinda nchi yao. Mchele, chumvi, vitabu na lugha ya Kichina vilivyopita hapo baadaye vilifuata njia iliyofunguliwa na vita. Sisi wanafunzi wa historia ya lugha hatuna haja ya kuchagua jambo moja na kuliacha jingine.

Siku ya pili: Guilin na mtu aliyechoka kuulizwa

Kutoka Xing'an hadi mjini Guilin ni karibu kilometa 60. Mjini kuna kilima kiitwacho Duxiu, kilichosimama peke yake ndani ya kuta za kasri la wana wa mfalme wa nasaba ya Ming, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1372. Kwenye mwamba wa kilima hicho kumechongwa maandishi ya mwaka 1201 ya ofisa Wang Zhenggong, na ndiko ulikoanzia msemo maarufu unaousifu uzuri wa Guilin kuliko wa mahali pengine popote. Guilin imeona pia siku mbaya. Kuanzia mwaka 1938 ilikuwa kimbilio la waandishi na wachapishaji waliokuwa wakikimbia majeshi ya Japani, na watu wake walijificha mapangoni mabomu yalipoangushwa. Mwaka 1944 mji ulitekwa, na karibu wote ukateketea.

Lakini mtu ninayetaka wasafiri wetu wamkumbuke wanapopita mitaa ya Guilin ni Zhou Qufei. Alikuwa mwenyeji wa Wenzhou, pwani ya mashariki ya China. Katika miaka ya 1170 alitumikia serikali huko Guangxi, na Guilin ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Aliporudi kwao, watu hawakumpa nafasi. Kila mmoja alitaka kusikia habari za kusini, za wanyama wake, watu wake na bahari yake. Akachoka kurudia majibu yaleyale, akaketi kuyaandika. Mwaka 1178 alikamilisha kitabu kiitwacho Lingwai Daida, jina ambalo tunaweza kulieleza kuwa ni majibu kwa wanaouliza habari za nchi iliyo nje ya milima.

Ndani ya kitabu hicho kuna maelezo ya Lingqu. Zhou anasema mfereji ulikuwa na milango 36, na anaeleza jinsi mashua ilivyosubiri maji yajae kabla ya kusonga. Maelezo yake ni ya mtu anayejua anachokisema, na wahandisi wa leo huyasoma bila kutikisa kichwa.

Katika kitabu hichohicho kuna maelezo ya nchi iliyo mbali sana kusini-magharibi, baharini, ambayo anaiita Kunlun Cengqi. Wataalamu wengi wanalilinganisha neno Cengqi na Zanj, jina ambalo Waarabu waliipa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, ofisa wa mto Li aliandika habari za pwani ilikozaliwa lugha tunayoifundisha. Mara nyingi tunapowafundisha wanafunzi uhusiano wa China na Afrika Mashariki tunaanzia misafara ya Zheng He, iliyoanza mwaka 1405. Kitabu cha Zhou kinaitangulia misafara hiyo kwa zaidi ya miaka 220. Wala si cha kwanza, kwani Duan Chengshi alikwisha kuandika katika karne ya 9 habari za nchi ya Bobali, ambayo inadhaniwa kuwa eneo la Berbera.

Je, Zhou anasema nini juu ya Zanj? Anasema huko kuna ndege mkubwa mno ambaye akiruka hulifunika jua. Ndege huyo humeza ngamia, na bua la unyoya wake likikatwa hufaa kuwa pipa la maji. Anasema pia kwamba kuna kisiwa chenye watu weusi wenye nywele za kipilipili, ambao hushawishiwa kwa chakula, hukamatwa na kuuzwa utumwani katika nchi za Waarabu.

Hapa naomba msomaji atue kidogo. Kuhusu mfereji alioweza kuufikia, Zhou ni shahidi wa kuaminika. Kuhusu pwani ambayo hakuiona, alipokea maneno ya wafanyabiashara, na wafanyabiashara walimpa ndege wa ajabu na bei ya watumwa. Mwaka 1178 alipokuwa akiandika, msikiti wa Kizimkazi kisiwani Unguja ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, kwani maandishi yaliyochongwa ukutani mwake yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 B.K. Palikuwa na mafundi wa mawe, palikuwa na wasomi wa maandishi, palikuwa na mabaharia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeingia katika kurasa za Zhou. Habari ya utumwa hatuwezi kuikataa, kwa maana biashara hiyo ilikuwepo kweli na ni mapema mno kuisahau. Lakini watu wa pwani hawakuwa watumwa tu, na msomaji wa Guilin hakupata njia ya kulijua hilo.

Waswahili husema akili za kuambiwa changanya na zako. Zhou hakuwa mwongo. Alikosa mtu wa kutoka Zanj wa kumwuliza. Na mimi ninayeandika habari za Guilin bila kufika Guilin niko katika kiti kilekile alichokalia yeye.

Siku ya tatu: Longji

Siku ya tatu wasafiri wataacha mto kidogo wapande milima ya Longsheng, kaskazini-magharibi mwa Guilin, wakaone matuta ya mpunga ya Longji. Matuta hayo yamechongwa na Wazhuang na Wayao kwa karne nyingi, kuanzia bondeni hadi karibu na vilele, kimo cha mita 300 hadi 1,100 hivi. Kwetu hakuna anayeshangaa kuona matuta mlimani. Linalofaa kutazamwa ni maji. Mpunga unahitaji kusimama ndani ya maji, kwa hiyo kila tuta ni bwawa dogo lenye ukingo uliosawazishwa kwa jembe na jicho tu, na maji ya tuta la juu hushuka kwa zamu hadi tuta la chini. Jirani akiziba maji, waliokuwa chini yake hawali. Kijiji kinachoishi hivyo hakiwezi kukosa kanuni za kuelewana.

Kwa walimu wa lugha, Longji ina somo jingine. Kijiji cha Ping'an ni cha Wazhuang. Kizhuang ni lugha ya toni, na haiko katika familia moja na Kichina. Kwa karne nyingi Wazhuang waliandika nyimbo zao kwa herufi walizozibuni kwa kufuata mfano wa herufi za Kichina, kama mababu wa Waswahili walivyochukua herufi za Kiarabu na kuzitia sauti zao. Mwaka 1957 ikaidhinishwa hati ya Kilatini iliyochanganywa na herufi za ziada, na mwaka 1982 ikarekebishwa ili zitumike herufi za kawaida tu. Katika hati ya sasa herufi kama z, j, x, q na h zikiwekwa mwisho wa silabi hazitamkwi kama konsonanti. Kazi yake ni kuonyesha toni. Mwanafunzi wetu atoe noti yoyote ya China mfukoni aitazame vizuri. Atayaona maneno ya Kizhuang yamechapwa hapo, pamoja na ya Kimongolia, Kitibeti na Kiuighur. Kisha aulize kijijini ni vijana wangapi wanaoweza kuyasoma. Sisi tulioshuhudia Kiswahili kikitangazwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 tunajua vizuri umbali uliopo kati ya kuandikwa kwenye karatasi ya serikali na kusomwa na mtu wa kawaida.

Siku ya nne na ya tano: mto Li

Sasa wapande mashua. Kati ya Guilin na Yangshuo kuna kilometa 83 za mto, na hii ndiyo sehemu ambayo kila mtu huijia. Sitaieleza sana, kwa sababu macho yao yatafanya kazi hiyo vizuri kuliko kalamu yangu. Wakifika Xingping watoe noti ya Yuan 20 wailinganishe na mandhari iliyo mbele yao, kwani picha iliyo nyuma ya noti hiyo ndiyo ya hapo. Wataona wavuvi wenye ndege aina ya mnandi. Zamani mvuvi alimfunga ndege kamba shingoni ili asimeze samaki mkubwa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa ajili ya wapiga picha. Siku ya tano waende mto mdogo wa Yulong kwa chelezo cha mianzi, wapite chini ya daraja la mawe lililojengwa mwaka 1412.

Katika mto huu alipita mwaka 1637 msafiri mashuhuri kuliko wote wa China ya kale, Xu Xiake. Alikuwa na umri wa miaka 50. Hakutumwa na serikali wala hakuwa mfanyabiashara. Alisafiri ili aone, na kila siku aliandika alichokiona. Alikuja kwa mto Xiang, na njiani majambazi wa mtoni waliivamia mashua yao usiku, wakawanyang'anya mali na kumjeruhi rafiki yake, mtawa aitwaye Jingwen. Angeweza kurudi nyumbani. Hakurudi. Alifika Guilin, akaingia pango baada ya pango, akaandika juu ya kila moja. Kilima cha Duxiu peke yake kilimshinda, kwa kuwa kilikuwa ndani ya kasri, na ruhusa aliyoisubiri haikutolewa. Kisha akashuka mto Li mpaka Yangshuo. Mwaka huohuo Jingwen alifariki Nanning. Alikuwa ametamani kufika mlima Jizu huko Yunnan, na Xu akaibeba mifupa ya rafiki yake njia yote hiyo mpaka akaizika Jizu. Tukiwasomesha wanafunzi fasihi ya safari, mfano huu unafaa. Mtalii wa leo anapanda kilima cha Duxiu kwa kukata tiketi tu.

Jambo jingine la mto Li ni nyimbo. Wazhuang wana mapokeo ya watu kujibizana kwa nyimbo, jambo ambalo mpenzi wa mashairi ya Kiswahili ataling'amua mara moja. Shujaa wa mapokeo hayo ni mwanamke aitwaye Liu Sanjie, ambaye inasimuliwa kwamba aliwashinda matajiri kwa ulimi wake. Mwaka 1960 ilitengenezwa filamu juu yake, ikapigwa kando ya mto huu, nayo ikapendwa mno. Ila nyimbo za filamu hiyo zimeimbwa kwa Kichina. Basi mwimbaji anayehesabiwa kuwa wa Wazhuang amejulikana nchini kote kwa lugha ya wengine. Je, hiyo ni hasara au ni faida? Ni swali zuri la kujadili kwenye sitaha, na halina jibu moja.

Siku ya sita: Wuzhou

Watalii wengi huishia Yangshuo na kurudi. Nawaomba wasafiri wetu waendelee kwa basi mpaka Wuzhou, mahali maji ya mto Li yanapoingia katika mto mkubwa. Hakuna vilima vya kupiga picha sana. Kuna bandari ya mtoni ambayo mwaka 1897 ilifunguliwa kwa wafanyabiashara wa kigeni, na kuna majengo ya zamani yenye vibaraza vya kujikinga na mvua.

Kilicho muhimu Wuzhou ni cha kusikiliza. Huko Guilin watu wa mjini huongea namna ya Kichina cha kaskazini, tawi la kusini-magharibi, iliyoletwa na askari, maofisa na wahamiaji walioshuka kutoka juu. Wuzhou watasikia Kikantoni, kilichopanda na mashua za wafanyabiashara kutoka Guangzhou. Lugha moja ilishuka mto, nyingine ilipanda mto. Mto ulikuwa barabara ya lugha, kama ilivyokuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa lugha yetu. Masikio yakiwa wazi, safari ya basi ya saa chache itawafundisha mambo ya isimujamii ambayo mimi hutumia wiki tatu kuyaeleza ubaoni.

Siku ya saba: Guangzhou

Kutoka Wuzhou watapanda treni hadi Guangzhou. Wakiwa na siku moja tu, waende sehemu mbili. Ya kwanza ni msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe kabisa ya China, wenye mnara wa mviringo uitwao Guangta, ambao zamani uliwaonyesha mabaharia njia ya bandari. Hapo ndipo walipoishi wafanyabiashara wa Kiislamu, watu wa aina ileile iliyopeleka China habari za Zanj.

Ya pili ni kaburi la mfalme wa Nanyue. Utawala wa Qin ulipoanguka, ofisa wake Zhao Tuo alijitangazia ufalme wake huko kusini, nao ukadumu mpaka mwaka 111 K.K., majeshi ya nasaba ya Han yaliposhuka kwa njia za mito na kuuangusha. Mwaka 1983 wajenzi waligundua kaburi la mfalme wa pili, mjukuu wa Zhao Tuo, aliyefariki mwaka 122 K.K. Ndani yake mlikuwa na ubani, kisanduku cha fedha cha mtindo wa Kiajemi, na pembe tano za ndovu ambazo watafiti wamezitambua kuwa za ndovu wa Afrika. Hatujui pembe hizo zilipita mikono mingapi. Lakini haukuwa umetimia hata mwaka wa mia tangu Shi Lu aumalize mfereji, na tayari pembe kutoka bara letu zilikuwa zimelala kaburini kwenye mdomo wa mto huu.

Mizigo ilikwenda pande zote mbili. Mwaka 1945 huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, zilifukuliwa sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za nasaba ya Song, nasaba ya akina Zhou Qufei.

Mambo machache ya kuzingatia

Mvua kubwa hunyesha kati ya Aprili na Juni au Julai, na mto ukifurika mashua husimamishwa. Katikati ya kipupwe maji hupungua mno. Mwisho wa Oktoba unafaa, maana mpunga wa Longji huwa umeiva au ndiyo kwanza umevunwa. Juma la kwanza la Oktoba liepukwe, kwani ni sikukuu ya taifa na China nzima huwa njiani. Kutoka Changsha kuna treni za mwendokasi za kwenda Guilin, na Xing'an ina kituo chake. Tiketi zikatwe mapema, na pasipoti isisahauliwe hotelini.

Hitimisho

Nilimpelekea mwanafunzi wetu ratiba hii. Amenijibu kwamba wenzake wamekubali nusu siku ya Xing'an, si siku nzima, na kwamba Wuzhou bado wanabishania. Sikusononeka. Fedha ni zao na miguu ni yao.

Nimemwomba kitu kimoja tu. Akirudi, aandike kwa Kiswahili aliyoyaona, na asahihishe kila nilipokosea katika makala haya, ili tuyachapishe katika toleo lijalo. Zhou Qufei aliandika juu ya Zanj, na kwa mamia ya miaka hakuna mtu wa Zanj aliyemjibu, kwa hiyo ndege wake aliendelea kulifunika jua bila mtu wa kumpinga. Mimi nimeandika juu ya Guilin nikiwa mbali, lakini nina mwanafunzi mwenye macho, masikio na kalamu, ambaye atasimama kando ya ule mtaro. Nitafurahi akinikosoa.